Mwenye Nyumba Amebaki na Nini?

Kupangisha nyumba ni kuuza makazi kwa muda bila kuiuza nyumba yenyewe. Mwenye ploti huko Makongeni, Thika, akishapokea kodi ya chumba kwa mwezi mmoja, hati ya ardhi ingali yake, kuta zingali zake, hata bawaba za mlango ni zake. Alichokitoa ni kukaa humo, kuanzia tarehe mosi hadi mwezi uishe. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanasheria, wanazuoni wa Kiislamu na wanateolojia wa Kikristo wamelichambua kwa karne nyingi: katika muda huo, mwenye nyumba amebaki na nini, na ameachilia nini? Ugomvi mwingi wa ploti, kuanzia kufuli linalopachikwa mlangoni hadi dipoziti isiyorudishwa, ni wa watu wawili waliolijibu swali hilo kwa namna mbili tofauti bila kulitamka.

Kando ya Mto Chania na kuteremka hadi Ruiru, swali hilo si la darasani tu. Ardhi iliyokuwa mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge ilinunuliwa kwa wingi baada ya uhuru na kampuni na vyama vya wananchi, ikakatwa vipande, na leo ploti ya futi 50 kwa 100 inabeba jengo la orofa tano. Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu 490,000 katika mji wa Ruiru na zaidi ya 250,000 Thika. Wapangaji ni wengi: wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja na wa Mount Kenya pale Thika, makanga, walimu, na umati unaopanda matatu alfajiri kwenda Nairobi. Wala upande wa pili si wa makabaila watupu. Yupo tajiri mwenye majengo kadhaa asiyemjua mpangaji wake hata mmoja kwa sura, na yupo mjane wa Kiganjo anayelala chumba cha mbele na kupangisha vitatu vya nyuma. Mpangaji wake mmoja akikosa kulipa, karo ya mtoto imekwama. Maadili yanayomfaa mmoja tu kati ya hao hayajatosha.

Jambo la kwanza ni kama kodi yenyewe ni halali. Dini zilezile zilizoruhusu kodi ya nyumba zilikataa riba, ilhali kwa kutazama juujuu mambo hayo mawili ni ndugu: mtu anatoa mali yake, anangoja, kisha anapokea mali hiyo na ziada. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliyatenganisha kwa hoja ambayo bado ina nguvu. Kuna vitu ambavyo kuvitumia ni kuvimaliza, kama divai, ngano na, kwa maoni yake, fedha. Matumizi ya kitu cha aina hiyo hayatengani na kitu chenyewe, kwa hiyo anayedai malipo ya vyote viwili anauza kitu kimoja mara mbili. Nyumba haiko hivyo. Mtu hulala ndani yake na asubuhi ingalipo. Matumizi yanaweza kuwa ya huyu na umiliki wa yule. Wanazuoni wa fikihi walifika karibu na hapo kwa njia yao wenyewe. Kwao ijara ni mauziano ya manfaa, si ya dhati ya kitu, na kwa kuwa ni mauziano, manfaa, muda na malipo sharti vijulikane kabla ya watu kupeana mikono.

Hoja hiyo inampa mwenye nyumba haki yake na papo hapo inamfunga. Ikiwa kodi ni bei ya matumizi, basi pasipo matumizi hapana bei. Matumizi yaliyokwisha kuuzwa si ya muuzaji tena. Na kilichouzwa ni nafasi ndani ya chumba, si mamlaka juu ya anayelala humo. Karibu kila ushauri wa maana kuhusu kuendesha nyumba za kupanga ni tawi la hoja hiyo.

Kazi inaanza kabla ya ufunguo kutolewa. Kuomba nakala ya kitambulisho, kujua mtu anafanya kazi wapi na kumpigia simu mwenye nyumba wake wa awali ni busara, na hakuna dini inayomtaka mtu amkabidhi mgeni mali yake akiwa amefumba macho. Kumkataa kwa sababu ya jina lake la ukoo, hijabu yake, au kwa kuwa ni mama anayelea watoto peke yake ni jambo jingine. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia na hali ya ndoa, na kinamkataza mtu binafsi kama kinavyoikataza serikali. Wakristo wa Thika wanaosita wangeweza kukumbuka kwamba Matendo ya Mitume yanaishia kwa Paulo aliyekaa Roma miaka miwili katika nyumba ya kupanga, akiwa mfungwa anayesubiri kesi. Ajenti wa leo angemwambia kwamba chumba kimekwisha kuchukuliwa.

Makubaliano yawe ya maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja: kodi ni kiasi gani na hulipwa tarehe ngapi, dipoziti ni kiasi gani, notisi ni ya muda gani, maji na takataka ni juu ya nani. Katika fikihi, mkataba wenye mambo yaliyofichika ni mbovu hata kama pande zote mbili zilitabasamu wakati wa kuufunga, na ploti inathibitisha hilo kila mwezi bili ya maji inapogawanywa kwa kukisia. Mita ndogo kwa kila chumba huondoa ugomvi ambao mahubiri hayajauondoa.

Wajibu wa matengenezo unatokana moja kwa moja na hoja ya manfaa. Paa likianguka au chumba kikawa hakikaliki, wanazuoni wanasema kodi ya muda huo haidaiwi, kwa kuwa kilichouzwa hakikutolewa. Mwenye nyumba anayesema "vumilia, fundi atakuja" kwa miezi mitatu huku akidai kodi kamili anadai bei ya bidhaa aliyoishikilia mwenyewe. Katika bonde la Chania suala la maji lina uchungu wake. Sehemu ya maji ya mto huo husafishwa Ng'ethu, Gatundu, na kupelekwa Nairobi, na ploti nyingi za huku chini hungoja zamu ya bomba au hutegemea kisima kilichochimbwa uani. Mwenye nyumba hawezi kulaumiwa kwa ratiba ya kampuni ya maji. Anaweza kulaumiwa kwa kukosa tangi, kwa kuahidi maji ya kila siku wakati wa kutafuta mpangaji, na kwa shimo la choo linalofurika kwa sababu lori la kunyonya maji taka ni ghali. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja nyumba ya kufaa na viwango vya usafi kama haki ya kila mtu.

Juu ya yote hayo kuna uhai. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari lake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Agizo hilo halingoji mtu aanguke. Hatia inaanza pale ukuta usipojengwa. Katika Kenya halihitaji kufasiriwa kwa mbali. Mwezi wa Aprili 2016 jengo la orofa sita lililojaa wapangaji liliporomoka Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na karibu watu 50 wakafa. Kuongeza orofa juu ya msingi uliopimwa kwa chache zaidi, kubana saruji, kuacha ngazi bila vyuma vya kushikilia: mambo haya Ruiru huitwa kuokoa gharama. Kwa kipimo cha Torati, ni damu inayongoja siku yake.

Kiasi cha kodi ni eneo gumu zaidi, na hapa wanafikra hawakubaliani. Mwenye nyumba alijenga, akakopa kwenye Sacco, akabeba hatari ya chumba kukaa bila mtu, anastahili malipo. Lakini sehemu ya kodi anayoipokea haikutokana na jasho lake. Mwamerika Henry George, katika kitabu chake cha 1879 kuhusu maendeleo na umaskini, alidai kwamba thamani ya ardhi, tofauti na ile ya jengo, huletwa na jamii inayoizunguka. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, ni kielelezo ambacho George hakukiota. Ilijengwa kwa fedha za umma na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya China, mikopo ambayo mpangaji naye anailipa kila anaponunua unga au mafuta, na ikapandisha bei ya kila ploti iliyo karibu na steji. Mpangaji alichangia barabara, kisha akaongezewa kodi kwa sababu ya barabara. Si lazima mtu afike kwenye hitimisho la George, aliyetaka thamani yote ya ardhi itozwe na serikali, ili aone kwamba mwenye ploti hana msingi wa kusema kila shilingi ni yake kwa haki tupu.

Kwa hiyo ushuru wa mapato ya nyumba za makazi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, si unyang'anyi. Anayekataa kutoa risiti ili Mamlaka ya Ushuru isimwone anamdhulumu pia mpangaji, ambaye siku ya ugomvi hatakuwa na ushahidi wa kulipa. Kuhusu kupandisha kodi, sheria inasaidia kidogo tu. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho singo nyingi za Ruiru zilikipita zamani. Juu ya hapo kinachobaki ni mkataba na dhamiri. Nyongeza iliyotangazwa mapema na inayoweza kuelezwa kwa sababu inavumilika. Ile inayomfuata mpangaji aliyelalamika kuhusu choo ni kisasi kilichovaa nguo za biashara.

Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio mkubwa kuliko yote Thika, unalitia swali hili kwenye moto. Humo wapo watu wanaopangisha vyumba vya mabati juu ya ardhi wasiyo na hati yake. Wametumia fedha zao kwa mabati na mbao, kwa hiyo wana kitu cha kupangisha, lakini mahali penyewe si mali yao. Haki yao haiwezi kuvuka thamani ya banda walilolijenga, na mwenye banda anayetoza bei ya ardhi ya umma anauza kisicho chake.

Ufunguo ukishatolewa, chumba kina mwenyewe mwingine. Kurani, katika sura ya An-Nur, aya ya 27, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu waliomo. Wanaosalimiwa ni wakaaji. Aya haiulizi hati ya umiliki iko kwa nani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamfikia hata anayedai: akienda kuchukua rehani, asimame nje, mdaiwa amletee. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya makao ya mtu. Kwa vitendo, hili lina maana ya kutoa taarifa siku moja au mbili kabla ya fundi kuja, kubisha hodi na kungoja jibu, na kumwonya kearetaka kwamba ufunguo wa akiba ni wa moto na mafuriko, si wa kwenda kuona kama mpangaji amenunua televisheni wakati ana deni.

Deni ndilo linalopima tabia za wote. Dini hazimweki kila mdaiwa kapu moja. Al-Baqara, aya ya 280, inasema aliye katika dhiki apewe muda hadi apate wasaa, na kumsamehe ni sadaka iliyo bora zaidi. Lakini hadithi mashuhuri ya Mtume inahesabu ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa dhuluma. Kibarua aliyepunguzwa kazi kiwandani na kijana mwenye mshahara anayeihamishia kodi kwenye kamari za mpira wana deni moja kwenye daftari, na hawana deni moja mbele ya Mungu. Kwa sababu hiyo swali la kwanza kwa aliyechelewa linapaswa kuwa "kumetokea nini?" Wengi hawaulizwi. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga kazi, Bunge halikupitisha sheria ya kusimamisha kodi. Kila ploti iliachwa ijiamulie. Wapo walioelewana kulipana kidogo kidogo, wakaandikiana, na wakaendelea kuishi pamoja. Mpango kama huo, wenye kiasi na tarehe, humfaa mwenye nyumba kuliko chumba kitupu, na msamaha wa sehemu ya deni si udhaifu. Wala huruma haidaiwi kwa nguvu: mjane wa Kiganjo hawajibiki kumlisha mpangaji milele kwa chakula cha watoto wake. Dhiki ikiwa ya kudumu, haki ni kuachana kwa notisi, na jirani, kanisa na msikiti wabebe sehemu yao.

Faini ya kuchelewa inahitaji kutazamwa peke yake, kwa sababu imeenea na wachache wameifikiria. Mikataba mingi ya maajenti huongeza asilimia fulani baada ya tarehe tano au kumi. Ikifika tarehe hiyo, kodi si chumba tena, ni deni la fedha. Kuongeza juu ya deni kwa sababu ya kupita kwa siku ni kupangisha fedha, na hapo hoja iliyoihalalisha kodi inageuka kuwa shahidi dhidi ya mwenye nyumba: kinachotumika na kubaki kinaweza kupangishwa, fedha haiwezi. Kwa wanazuoni wa Kiislamu ongezeko kama hilo linaangukia kwenye riba, na Aquinas asingewapinga. Atakayesema anafidia hasara halisi, kama adhabu aliyotozwa na benki kwa sababu ya mpangaji huyo, ana hoja, mradi adai hasara hiyo na isiwe zaidi. Motisha ya kulipa mapema inaweza kujengwa kwa njia safi zaidi, kwa kumpunguzia kidogo anayelipa kabla ya tarehe mosi.

Kufuli, mlango uliong'olewa, mabati yaliyoezuliwa na umeme uliokatwa ni mambo ya aina moja. Mwenye nyumba hapo hakusanyi deni. Anaadhibu, na katika kesi yake mwenyewe amejifanya mshtaki, hakimu na mtekelezaji. Sheria imeweka njia. Kwa nyumba zilizo chini ya Sura ya 296, mpangaji hutolewa kwa amri ya baraza la kodi. Kwa nyingine kuna mahakama. Na mali haikamatwi kwa ajili ya kodi ila na dalali mwenye leseni, kwa utaratibu wa sheria. Njia hiyo ni ya polepole, na malalamiko ya wenye nyumba kuhusu ucheleweshaji huo yana haki. Hata hivyo Torati iliona hatari ya njia ya mkato ilipokataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wenyewe. Cherehani ya fundi nguo wa mtaa wa Landless na jiko la mama chapati ndiyo mawe ya kusagia ya leo. Anayeyafungia ndani ya chumba amefunga pia njia pekee ya kulipwa.

Mwisho wa upangaji una historia ndefu kuliko maghorofa. Kati ya Wagikuyu, muhoi alipewa sehemu ya kulima katika githaka (ardhi) cha mbari, yaani ukoo, kwa urafiki, bila kodi, na muthami aliruhusiwa pia kujenga. Jomo Kenyatta alizieleza haki hizo katika kitabu chake cha 1938, pamoja na nafasi ya muramati, mkubwa wa mbari aliyesimamia ardhi kama mdhamini na si kama mwenye mali peke yake. Utaratibu huo si wa kupambwa kupita kiasi. Ardhi ilipoanza kuwa na bei, wahoi wengi wa Kiambu walifukuzwa, na ugawaji wa hati uliofuata Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliandika jina la mmiliki na kulifuta la muhoi. Waliofukuza nao walikwisha kuonja: mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika kesi iliyotoka Kiambu, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba Waafrika walikaa kwenye ardhi zao kama wapangaji wa Mfalme, kwa hiari yake. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inaliweka jambo hilo mahali pa juu zaidi: ardhi ni ya Mungu, na wanaoimiliki ni wageni na wapangaji kwake. Mwenye nyumba anayeamini maneno hayo hutoa notisi kama ambavyo angependa apewe, kwa maandishi na kwa muda unaotosha kupata chumba kingine, na haitoi katikati ya mitihani ya watoto kama anaweza kungoja wiki mbili.

Kisha inabaki dipoziti. Hiyo haikuwa kodi wala mapato; ni mali ya mpangaji iliyowekwa kwa mwenye nyumba, na An-Nisaa, aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ya kukaliwa ni gharama ya mwenye nyumba, kwa kuwa uchakavu huo alikwisha kulipwa ndani ya kodi. Kioo kilichovunjwa na bomba lililong'olewa ni juu ya mpangaji, na makato yaonyeshwe kwa risiti ya fundi. Pande mbili zikikagua chumba pamoja siku ya kuingia, zikaandika kilichomo, na zikakagua tena siku ya kutoka, hesabu huisha kwa dakika chache. Mwenye nyumba aliyekwisha kuitumia dipoziti hiyo kununulia saruji ya orofa inayofuata amekopa bila ruhusa ya mkopeshaji, na siku ufunguo unaporudi, mwenye deni ni yeye.